Kabla ya kuutoboa mtungi wa kegi

Kuna swali ambalo zamani halikuwa likiletwa kwa daktari, lakini siku hizi haupiti mwezi bila mimi kuulizwa. Katika mitaa ya Nairobi na miji mingine kumezuka watu, wengi wao wenye kazi za ofisi na mishahara ya kueleweka, ambao wameshika mtindo wa kujitengenezea bia nyumbani. Hawapiki chang'aa, na hukasirika sana ukiwafananisha na wapishi wa chang'aa. Hununua kimea na hamira, huchemsha, hupoza, kisha huiacha ichache ndani ya mtungi wa kegi uliofanyiwa marekebisho na fundi. Mtungi huo huwa umetobolewa tundu la kipimajoto, umetiwa bomba la kupitisha maji baridi, na umeunganishwa na kifaa cha umeme ambacho huwasha na kuzima friji kuukuu kulingana na joto la pombe iliyo ndani. Wanachotaka kujua ni hiki: je, pombe ya namna hiyo si salama kuliko ile ya vichochoroni?

Jibu fupi ni kwamba inaweza kuwa safi kuliko hiyo, na inaweza pia kuwa mbaya kuliko hiyo, kutegemea fundi alitumia nini na mwenyewe aliuweka mtungi wapi. Jibu refu ndilo linalonifanya nishike kalamu leo, kwani naona tuna desturi ya kukitazama kilicho ndani ya chombo na kukisahau chombo chenyewe.

Sina nia ya kumfundisha mtu kulewa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo pia ilifuta ile ya 1980 iliyokuwa ikipiga marufuku chang'aa, humtaka anayetengeneza kileo awe na leseni, na mwenye hamu ya kutoboa mtungi afadhali aisome kwanza. Tena, mitungi mingi inayozunguka mijini tangu Senator Keg ilipoletwa sokoni mwaka 2004 ni mali ya kampuni, si ya baa wala ya mnywaji. Ukiona unauziwa mmoja kwa bei ya chuma chakavu, jiulize umetoka wapi. Baada ya kusema hayo, nirudi kwenye kazi yangu.

Tuanze na joto, maana ndilo linalowasumbua watengenezaji hawa. Hamira ni viumbe hai, wadogo wasioonekana kwa macho, na kazi yao ni kula sukari na kutoa kileo pamoja na hewa ya kaboni dayoksaidi. Kazi hiyo huzaa joto. Katika kibuyu cha lita tano joto hilo hupotea upesi kupitia ubavuni, lakini katika mtungi wa lita 50 hubaki katikati, na pombe inaweza kuwa na nyuzi kadhaa zaidi ya chumba ilimo. Hamira nyingi za bia ya kawaida hupenda joto la kati ya nyuzi 18 na 22 za Selsiasi. Zile za laga hutaka baridi zaidi, nyuzi 8 hadi 13 hivi. Zikipata joto la kupita kiasi hufanya kazi kwa pupa na kutoa, pamoja na kileo tunachokijua, vileo vingine vizito vyenye harufu inayokaribia ile ya thina au rangi ya kucha. Kwa kiasi kinachopatikana katika bia, vitu hivyo haviui mtu. Huharibu ladha, na huenda vikazidisha makali ya maumivu ya kichwa asubuhi, ingawa sehemu kubwa ya maumivu hayo huletwa na kileo chenyewe. Nalisema hili waziwazi kwa sababu nimewasikia wengine wakidai kwamba wakiidhibiti joto la mtungi wao basi wameondoa sumu yote. Walichoondoa ni ladha mbaya.

Wazee walilijua suala la joto bila kipimajoto. Waliotengeneza muratina katika nyanda za Mlima Kenya walikiweka kibuyu karibu na meko, kwani usiku wa huko ni wa baridi na pombe hugoma. Mgema wa Pwani hana haja ya meko. Tembo la mnazi huanza kuchacha likiwa bado juu ya mti, na baada ya siku moja au mbili linaelekea kuwa siki. Vivyo hivyo, mkazi wa Nairobi, ambako usiku wa Julai unaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10, ana shida ya kupasha, na mkazi wa Mombasa, ambako mchana wa Machi hupita nyuzi 30, ana shida ya kupoza. Marekebisho ya mtungi yanajaribu kulijibu tatizo hilo la kale, nami sina ugomvi na kipimajoto. Ugomvi wangu ni na njia za mkato.

Njia ya mkato iliyo mbaya kuliko zote ni jiko la makaa. Wakati wa baridi, mtu asiye na kifaa cha umeme hufunga mlango na dirisha, huweka jiko kando ya mtungi, kisha huenda kulala akiamini amefanya ujanja. Makaa yanapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu na kuinyang'anya nafasi ya kubeba oksijeni. Huanza kichwa kuuma, kisha kichefuchefu, kisha miguu kukosa nguvu. Kwa kuwa nyumba yenyewe inanukia pombe, jirani atakayekukuta umeanguka atasema umelewa na kukuacha ulale. Mtu akikutwa hivyo katika chumba chenye jiko, atolewe nje kwenye hewa safi mara moja na kukimbizwa hospitalini apewe oksijeni. Maziwa hayamsaidii. Kama pombe inahitaji joto, mtungi ufungwe blanketi kuukuu au uingizwe ndani ya karai la maji ya uvuguvugu. Kazi itakwenda polepole zaidi, lakini hakuna aliyekufa kwa kungojea.

Hewa ya pili ni hiyo kaboni dayoksaidi inayotolewa na pombe yenyewe. Hii si sumu kama ile ya makaa, lakini ikizidi humnyima mtu pumzi. Nimepiga hesabu: lita 40 za bia yenye asilimia tano ya kileo hutoa, hadi zitakapomaliza kuchacha, zaidi ya lita 800 za hewa hiyo. Zikitolewa kwa wiki nzima katika nyumba yenye madirisha hakuna atakayezihisi. Mambo ni tofauti katika chumba kimoja cha mabati chenye mapipa matatu au manne, mlango umefungwa kwa kuogopa askari, na watoto wamelala kwenye godoro chini. Hewa hii ni nzito kuliko ile tunayovuta kila siku, kwa hiyo hukaa chini walipo watoto. Ikifika asilimia tano ya hewa ya chumba, mtu huanza kutweta na kichwa kumgonga, na ikikaribia asilimia kumi anaweza kuzimia. Hata mwenye nyumba nzuri, aliyeuweka mtungi ndani ya friza ya kulala, ajihadhari anapoinama kuingiza kichwa. Hewa hiyo hujaa humo kama maji katika beseni. Friza ifunguliwe kwanza, ingoje kidogo, ndipo mtu ainame. Na kama friji hiyo kuukuu ina kitasa cha kubana, king'olewe kabisa, maana watoto hupenda kujificha mahali pa namna hiyo na mlango hauwezi kufunguliwa kutoka ndani.

Sasa tuje kwenye kupoza. Fundi wa jua kali ukimwambia akutie bomba la maji baridi ndani ya mtungi, atakuuliza unataka la nini, na wengi huchagua shaba nyekundu kwa sababu hupindika vizuri na hupoza haraka. Ni kweli viwanda vya bia vilichemshia katika masufuria ya shaba kwa karne nyingi. Hata hivyo, kukaa saa moja jikoni ni tofauti na kuzama wiki mbili katika pombe inayochacha, yenye uchachu na iliyojaa kaboni dayoksaidi. Maji yenye hewa hiyo huila shaba. Madaktari wameshawaona watu waliotapika na kuumwa tumbo baada ya kunywa soda iliyopitia mashine yenye mabomba ya shaba. Bomba liwe la chuma kisichoshika kutu, au lizungushwe nje ya mtungi badala ya ndani.

Halafu kuna kinachopita ndani ya bomba hilo. Nimesikia kwamba wengine, wakitaka maji yasigande katika friza, huchanganya ile dawa ya kijani ya rejeta ya gari. Msomaji, hili likome. Dawa nyingi za rejeta zina ethilini glaikoli, ambayo ni tamu ulimini na adui mkubwa wa figo. Bomba likipasuka au kiungo kikivuja, dawa hiyo huingia katika pombe, na kwa kuwa ni tamu, hakuna atakayeshuku. Mnywaji huonekana mlevi kupita kiasi, na siku ya pili au ya tatu mkojo hukatika. Maji matupu yatosha, na kwa joto la nyuzi 18 hakuna sababu yoyote ya maji kuganda.

Nimesema tunakisahau chombo. Niwape kisa ambacho kila mwanafunzi wa udaktari angefaa kusimuliwa. Mwaka 1929 daktari aitwaye Strachan alieleza kuhusu maiti alizozichunguza Afrika Kusini, ambazo maini yake yalikuwa yamejaa madini ya chuma kwa kiasi kisicho cha kawaida. Kwa miaka mingi watu walijiuliza chuma hicho kilitoka wapi. Utafiti uliofuata, ukiwemo ule uliochapishwa na Bothwell na wenzake mwaka 1964, ulionyesha njia yake. Hapo kale pombe ya mtama na mahindi ilitengenezwa katika vyungu vya udongo. Masufuria na mapipa ya chuma yalipokuja, watu waliyapenda kwa sababu hayavunjiki. Pombe hiyo ni chachu, na uchachu wake huila chuma cha pipa kidogokidogo. Lita moja ilikutwa na makumi ya miligramu za madini ya chuma, ilhali bia ya kiwandani haina hata miligramu moja. Mwili wa mwanaume hupoteza takriban miligramu moja tu kwa siku, wala hauna njia ya kutoa ziada inayoingia. Ziada hiyo hubaki, hasa katika ini.

Mtu aliyekunywa pombe ya pipa kwa miaka ishirini alijikuta na ini gumu lililosinyaa. Wengine walipata kansa ya ini, wengine mifupa ikawa dhaifu, na kifua kikuu kikawapata kwa urahisi zaidi. Mwaka 1992 Gordeuk na wenzake, waliofanya utafiti Zimbabwe, walieleza kwamba huenda kuna pia jambo la kurithi linalowafanya baadhi ya watu wakusanye chuma hicho upesi kuliko wengine. Hilo halilisafishi pipa. Mtu huyo huyo angekunywa pombe hiyo hiyo kutoka chungu cha udongo, bado kileo kingeliumiza ini lake, lakini asingeubeba mzigo wa chuma juu ya ule wa kileo.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu sisi Kenya tuna mapipa yetu. Pombe ya busaa imetoka katika vyungu ikaingia katika mapipa ya chuma na mitungi ya plastiki, na sijui kama kuna aliyemuuliza mwenye pipa lilikuwa na nini kabla ya busaa. Lingine lilileta mafuta ya mashine, lingine rangi, lingine dawa ya mimea. Plastiki hufyonza dawa za aina hiyo, na kuosha kwa sabuni na mchanga hakuziondoi zote. Pipa au karai lililopakwa zinki nalo halifai hata kidogo kwa kitu kichachu, kwani zinki huyeyuka na wanywaji hutapika baada ya saa chache. Huambiwa kwamba pombe ilikuwa kali.

Kwa upande huu, mtungi wa kegi uko mbele kwa mbali. Umetengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, na uchachu wa bia hauusumbui. Tatizo huanza fundi anapoutia mkono. Anayechomelea mageti hutumia vifaa vya mageti, na pale alipochomelea ndani ya mtungi huachwa pamekwaruzika, pamebadilika rangi, na baadaye panashika kutu. Katika mikwaruzo hiyo vijidudu hupata nyumba ambayo brashi haiifikii. Akitumia risasi ya kuunganishia mabomba, anakutilia ndani ya kinywaji madini yanayodhuru ubongo na damu. Mwambie fundi wako akuonyeshe kazi aliyowahi kufanya ya vyombo vya maziwa au vya hoteli. Kama hana, mtafute mwingine. Vipo pia viungo vya kufunga kwa skrubu na mpira ambavyo havihitaji kuchomelewa kabisa, nami ningependelea hivyo.

Kabla ya hayo yote kuna kuufungua. Mtungi wa kegi huonekana mtupu na kumbe umebeba hewa yenye msukumo, na lile bomba la ndani limebanwa kwa nguvu. Alikuja kliniki kwangu kijana mmoja, mdomo umepasuka na meno mawili ameyafunga katika leso, baada ya kulifungua bomba hilo kwa bisibisi bila kuitoa hewa kwanza. Alikuwa na bahati, kwani lilipita chini ya jicho. Hewa itolewe yote kupitia vali, uso ukiwa mbali, hadi isisikike tena, ndipo kitu chochote kiguswe. Na mtungi ukishatiwa pombe inayochacha usifungwe bila njia ya hewa kutoka. Msukumo wake unaweza kuzidi ule wa tairi la matatu mara kadhaa. Mitungi ya plastiki ni hatari zaidi. Mwaka 2012 mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha bia huko Portsmouth, New Hampshire, nchini Marekani, aliuawa na mtungi wa plastiki uliolipuka wakati wa kusafishwa kwa hewa ya msukumo. Huyo alikuwa kiwandani, si jikoni kwake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoongoza vita dhidi ya pombe za mitaani. Kila mara tunaonyeshwa picha ile ile: chifu na askari wakimwaga pombe mtaroni, mapipa yakipigwa mateke. Wiki inayofuata mama yule yule amenunua pipa jingine, la bei nafuu zaidi kwa sababu hana tena pesa, na kwa hiyo lenye historia mbaya zaidi. Hakuna aliyemwambia lolote kuhusu pipa. Maafisa wa afya ya umma wako chini ya serikali za kaunti tangu 2013, na wana uzoefu wa kukagua mabucha na mikahawa. Ningependa wakague pia vyombo vya wanaotengeneza busaa na muratina, wawape masharti kuhusu chombo, maji na hewa ya chumba, na anayeyatimiza asaidiwe kupata leseni badala ya kukimbizwa. Najua nitaambiwa kwamba huko ni kuhalalisha ulevi. Ulevi upo tayari. Linalobaki kuamuliwa ni kama mlevi atakuwa na ugonjwa mmoja au mitatu.

Watu pia huchanganya mambo mawili ambayo ni lazima yatenganishwe. Maafa makubwa tuliyoyaona nchini, kama yale ya Mukuru jijini Nairobi mnamo Novemba 2000 ambapo zaidi ya watu mia moja walikufa na wengine wakapofuka, yale ya Mei 2014 yaliyogusa Embu na kaunti nyingine kadhaa, na yale ya Kirinyaga mwezi wa Februari 2024 ambapo watu wasiopungua 17 walifariki, hayakuletwa na nafaka kuchacha. Nafaka ikichacha hutoa methanoli kidogo sana isiyoweza kumpofusha mtu. Pombe ya kupofusha ni ile iliyotiwa kemikali za viwandani na mfanyabiashara anayetaka kuiongezea makali kwa gharama ndogo. Kwa hiyo mwenye mtungi wa kegi asijisifu kwamba amekwepa methanoli kwa sababu ya kipimajoto. Hata mama wa busaa ameikwepa, mradi tu hakuongeza kitu. Yeyote anayeona ukungu mbele ya macho, au anayeumwa tumbo na kupumua haraka saa kadhaa baada ya kunywa, apelekwe hospitali kubwa usiku huo huo. Dawa zake zipo, lakini macho hayangoji asubuhi. Na yule mwenye kegi ambaye ameanza kuwaza kwamba bomba lake la shaba lingeweza pia kumtolea kitu kikali zaidi kwa mvuke, namwomba aache wazo hilo hapo lilipo. Mvuke wa kileo kando ya moto wa gesi umeunguza watu wengi.

Nirudi kwa wale wenye kazi za ofisi, kwani ndio walioniuliza. Lipo jambo moja ambalo hakuna fundi anayeweza kulirekebisha. Mtungi wa lita 50 ukijazwa lita 40 hutoa chupa 80 za nusu lita. Nani atazinywa? Nimewaona watu wastaarabu, ambao zamani walikunywa Ijumaa peke yake, wakianza kuonja Jumatatu kuona kama imeiva, Jumanne kumwonjesha jirani, na Jumatano kwa sababu nafasi inahitajika kwa mtungi unaofuata. Kwa kuwa ni kazi ya mikono yao hawaihesabu kama pombe. Ini huihesabu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha kileo ambacho afya yako haidhuriki nacho, na kileo kimewekwa katika orodha ya visababishi vya kansa tangu 1988. Bia iliyochachuka kwa nyuzi 19 bila kupanda wala kushuka ina kileo kile kile. Anayependa ufundi huu atengeneze lita kumi, si arobaini, na mtungi mdogo utamgharimu kidogo na kumsumbua kidogo. Mwenye ugonjwa wa ini, mama mjamzito na anayetumia dawa za kifua kikuu wasiguse hata hizo kumi.

Nisisahau usafishaji, maana huko ndiko ninakoona majeruhi wengi kuliko hata kwenye kufungua. Mitungi hii huoshwa kwa kostiki soda, ambayo huunguza ngozi na, ikirukia jicho, inaweza kulipofusha kwa dakika chache. Vaa glavu na miwani ya fundi. Tia kostiki ndani ya maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki. Ikikurukia, osha kwa maji ya mfereji yanayotiririka kwa muda wa nusu saa kabla ya kuanza safari ya hospitali. Jik isitumiwe katika mtungi huu, kwani huutoboa chuma kisichoshika kutu vijitundu vidogo, na ikichanganywa na asidi ya kuondolea magaga hutoa hewa inayochoma mapafu. Tafadhali, kostiki inayobaki isihifadhiwe katika chupa ya soda. Mtoto wa miaka mitatu anaijua chupa hiyo, na anajua hunywewa. Akinywa, koo lake huungua na baadaye hubana, na huenda akahitaji kupanuliwa koo hospitalini kwa miaka. Usimtapishe, kwani itamuunguza mara ya pili inapopanda. Msukutue kinywa kwa maji na umkimbize hospitalini pamoja na hiyo chupa, ili daktari aone ni nini.